Kiti cha Kushoto

Butembo ina magari ya kila namna, mazima na yale ya kusukumwa, lakini gari la Maliro lilijulikana hata na mtoto anayenyonya. Lilikuwa gari la mbio la Waingereza, la viti viwili tu, la kijani, fupi mpaka mbuzi angeweza kuliruka, na juu halikuwa na bati ila bashi, yaani turubai. Watu waliliita Kajani. Mwingereza mmoja mkulima wa chai alilileta kutoka Uganda zamani za ukoloni. Vita vya waasi vilipokuja alipanda ndege na nguo za mwilini, akamwachia fundi wake ufunguo. Fundi huyo alikuwa Jéthro, baba yake Maliro. Jéthro alipofariki, Maliro akarithi ufunguo, ufundi na maringo. Maringo hasa! Tusifichane, mwanamume yule alijisikia. Jumapili baada ya misa ya kwanza alilizungusha gari polepole kwenye barabara kubwa, kola imesimama, kana kwamba Butembo nzima ilitoka kanisani kwa ajili yake.

Ila Kajani lilikuwa na tabia moja. Usukani wake uko kuume, na huku kwetu magari hushika kuume. Magari ya namna hiyo tunayo mengi, lakini yale yana kimo, dereva ananyoosha shingo anaona. Ndani ya Kajani dereva anakaa chini kabisa, kando ya mtaro, na akiwa nyuma ya lori haoni kitu ila matako ya lori. Anayeona mbele ni yule aliyeketi kushoto. Kwa hiyo Maliro hakuwahi kuendesha peke yake hata siku moja. Kwa miaka ishirini na sita macho yake yalikuwa mke wake, Berthe.

Berthe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sauti alikuwa nayo. Alitoa kichwa nje kidogo, akachungulia, akatamka. Maneno yenyewe mawili tu: "Bado." Au: "Pita!" Maliro alifuata bila kuuliza. Watoto wa mtaani walipowaona wanatokea walipiga kelele, "Bado! Bado! Pitaaa!" na Berthe alicheka mpaka kitambaa kinamwanguka kichwani.

Safari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Lubero, kwa mama yake, kule juu kwenye baridi ya kuuma meno. Gari lilikuja na kitabu chake, na ndani mlikuwa na sura nzima ya kuendesha wakati wa barafu ya Ulaya. Berthe aliifasiri kwa kamusi, usiku kwa usiku, mpaka akaijua kwa moyo. Wakianza tu kupanda mlima alijifunika blanketi magotini, akaisoma kwa sauti ya darasani: weka karatasi ngumu mbele ya radiateri, vaa soksi mbili, usikanyage breki kwa ghafla. Ukungu ukiingia chini ya bashi alimgeukia mume wake, akamwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Beni.

"Papa Falonne, tumefika ku Ulaya. Fungua mudomo, ukule neige, ile barafu yao."

Ndivyo walivyokuwa. Halafu ikaja Novemba ile.

Asubuhi hiyo walikuwa wamechelewa ubatizo, kule Lubero, wa mtoto wa Mariette, mdogo wake Berthe. Ukungu ulikuwa mzito, na mbele yao lori la mbao lilipanda kama mgonjwa anayetoka kitandani. Berthe akachungulia, akasema, "Bado." Wakangoja. Pikipiki mbili zikawapita zikipiga honi, na dereva mmoja akageuza kichwa akiwacheka.

"Papa, eti hii yako njo gari ya mbio?"

Basi! Damu ikampanda Maliro mpaka masikioni. Yeye, mtoto wa Jéthro, kuchekwa na watu wa pikipiki!

"Sasa?" akauliza.

"Bado," akasema Berthe.

Akapita.

Lori lingine lilikuwa linashuka. Na katika gari lenye usukani wa kuume, ukitoka kupita, anayekutana na hatari wa kwanza ni yule wa kushoto. Maliro alitoka na kidole kimoja kimevunjika. Berthe hakufika hospitali.

Mlangoni pa hospitali, Kasonia, kaka yake Berthe, alifika mbio, akamkamata Maliro shati kwa mikono miwili. "Alikuambia nini? Berthe alikuambia nini?" Maana kila mtu alijua yale maneno yao mawili. Maliro akakitazama kidole chake kilichovimba. Angeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, na Kasonia alingoja.

"Alisema pita."

Kasonia akaachia shati, akakaa chini palepale kwenye matope, akalia. Na toka saa ile hakuna mtu aliyemlaumu Maliro. Maskini Maliro, walisema, mke wake hakuona vizuri. Maskini, kidogo tu na yeye angekufa. Shuleni kwa Berthe walimu walisema kumbe macho yalikuwa yameanza kuchoka, ndiyo maana alikuwa anasahihisha madaftari karibu na dirisha. Uongo ukishapata miguu haurudi nyumbani kuuliza njia.

Lakini aliyemmaliza Maliro kabisa ni mama mkwe wake. Mama Élise alikuwa na miaka themanini na kitu, anaishi Lubero katika kiwanja chake cha viazi, bado anashika jembe. Kila mwezi, bila kuruka, alipakia gunia la viazi kwenye lori la kushuka Butembo, na ndani ya gunia kulikuwa na karatasi iliyoandikwa na Mariette kwa niaba yake: *Mukwe wangu, samehe macho ya mutoto yangu. Alikuletea mubaya.*

Kusamehe! Yeye ndiye aombwe msamaha! Maliro hakuweza kukila hata kiazi kimoja, na kuvigawa alishindwa vilevile. Aliyapanga magunia kwenye kona ya garaji, nyuma ya matairi, na viazi vikaota gizani. Machipukizi meupe yakatoboa magunia, yakarefuka, yakatambaa sakafuni yakiutafuta mwanga wa mlango. Kila asubuhi alipofungua yalikuwa yamesogea. Alianza kuingia garajini huku akitazama upande mwingine.

Na hakuacha kufanya kazi. Alilinyoosha Kajani kwa nyundo, miezi tisa, mlango wa kushoto akauchonga upya kwa bati la pipa la mafuta. Kiti cha kushoto hakikuwa kimevunjika. Alikiosha, akakirudisha mahali pake. Siku ya kwanza injini ilipokubali, gari limesimama tu ndani ya garaji, na yeye ameinama juu ya karburateri, akasikia kutoka upande wa kushoto, wazi kabisa, kwa sauti ya darasani: "Bado."

Spana ikamtoka mkononi. Akatazama. Kiti kitupu.

Toka siku hiyo alimsikia kila alipoliwasha. Na sikia jambo hili, maana ndilo lililomnyima usingizi: neno lilikuwa moja tu. "Pita" Berthe hakulisema tena.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Mariette akapiga simu, akimwita Ya, yaani kaka, kama siku zote.

"Ya Maliro, Mama anasema tutaondoa kilio siku ya posho. Na anasema ukuye na Kajani."

"Juu ya nini Kajani? Njia ni mubaya, na ni wakati ya mvua."

"Miye najua? Anasema anataka kuona ile kiti."

Maliro akajibu ndiyo, atakuja, akaweka simu, akaanza kuzihesabu siku zilizobaki. Kwa maana ukoo wa Berthe una desturi yake. Siku ya kuondoa kilio, yule aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho husimama mbele ya watu na kutaja neno la mwisho alilolitamka. Kisha ukoo wote, wakubwa kwa watoto, hulirudia neno hilo kwa pamoja, mara moja. Baada ya hapo marehemu amenyamaza. Neno lake limepokewa, na hakuna atakayelitafuta tena. Basi Jumamosi, ndiyo siku ya posho, watu wote wale wangesema "Pita" kwa mdomo mmoja, na lingebaki juu ya kaburi la Berthe milele, neno ambalo hakulisema. Au Maliro angefungua mdomo wake. Hapakuwa na njia ya tatu, na aliitafuta, usiku baada ya usiku.

Jumamosi asubuhi akatoka. Alikuwa amebadilisha springi, akaweka za pikapu ili gari lipande mawe ya njia ya Lubero, na mbele ya radiateri akaweka karatasi ngumu, kama kitabu kilivyoagiza. Alivaa soksi mbili. Juu ya kiti cha kushoto alitandika koti la mvua la Berthe na blanketi lake, ili kiti kisilowe, maana bashi lilivuja upande ule. Ndivyo alivyojiambia.

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini askari akainama dirishani. Ukungu ulikuwa umekaa chini kabisa.

"Bonjour papa," akasema. "Bonjour mama."

Maliro akatazama mbele tu. Askari akapunguza sauti, akauliza kwa Kilingala, kwa adabu, "Mama alali?" yaani kama mama amelala.

"Ee," akajibu Maliro. "Analala."

"Kende malamu, papa," askari akamwambia aende vizuri, akainua kamba. Maliro akaondoka bila kugeuza shingo. Koti tu, aliwaza. Ni koti lililokunjika. Lakini jicho lake la kushoto lilikataa kwenda kuhakikisha.

Saa moja baadaye akakuta lori. Lilikuwa limebeba mabati na masanduku ya sabuni, linatambaa kwenye matope. Akashika nafasi nyuma yake, akangoja.

"Bado," akasema Berthe.

"Nasikia," akasema Maliro.

Wakapanda hivyo, lori na Kajani. Pikipiki zikawapita, magari madogo yakawapita, moja lilimpigia honi ya matusi. Kila alipojaribu kusogeza usukani kushoto, sauti ile ile: bado. Vidole vikafa ganzi. Pumzi yake ikageuka moshi mbele ya uso wake. Karibu na kilele mvua ikageuka mawe, mawe ya mvua makubwa kama maharagwe, yakapiga bashi kwa kelele ambayo mtu hawezi hata kusali ndani yake. Kwa dakika chache njia yote ikawa nyeupe. Lori likasimama. Maliro akasimama, polepole, bila kukanyaga breki kwa ghafla. Kweupe kulia, kweupe kushoto. Hii ndiyo Ulaya ya Berthe, na mwenyewe hayupo kufungua mdomo ale barafu yake.

"Berthe, niseme nini kule?"

"Bado."

"Nirudie njia?"

"Bado."

Hapo akalipuka. Akaupiga usukani kwa mkono wenye kidole kibovu. "Bado, bado, kila siku bado! Ile siku ungepiga kelele! Ungenishika mukono! Uliisema pole pole sana, nani angesikia?" Na alipokwisha kusema akaona haya, akaona haya mpaka tumboni, kwa sababu alisikia. Siku ile alisikia vizuri sana. Akalia kwa sauti ndani ya gari lile dogo, na mawe yakaendelea kupiga.

Alifika Lubero saa nane, amechafuka. Kiwanja cha Mama Élise kilikuwa kimejaa: watu wa kanisa, majirani, ukoo wote chini ya bashi kubwa lililofungwa kwenye mikaratusi. Kando ya mlango lilikuwepo gunia la viazi limefungwa kamba, tayari. La kwake, la mwezi huo.

Mama Élise hakwenda kumsalimu. Alilifuata gari, fimbo mkononi, akafungua mlango wa bati la pipa, akakusanya koti la mtoto wake akalipakata, akaketi. Akatazama mbele kupitia kioo.

"Njo hapa alikuwa anaikala?"

"Njo hapo, mama."

Mwanamke mzee akatoa kichwa nje kidogo, akachungulia, sawasawa kama mtu aliyefundishwa. Akatazama njia, mtaro, mlima wa ng'ambo wenye weupe wa mawe.

"Mukwe wangu," akasema, "miye ni muzee, na macho yangu imekufa nusu. Lakini hapa mutu anaona vizuri sana. Sasa Berthe, juu ya nini hakuona?"

Hakuuliza kwa hila. Aliuliza kwa uchungu, kama mtu aliyelala na swali hilo mwaka mzima. Maliro akainama, akafuta matope kwenye mlango ule wa bati.

Saa ya desturi ikafika. Mzee Salomon, baba mdogo wake Berthe, akasimama, akaomba watoto wanyamaze. "Maliro, simama. Uliikala naye mara ya mwisho. Utupe neno yake, tuipokee."

Maliro akasimama. Aliwaona wote: Mariette na mtoto wake wa ubatizo ule, sasa anatembea. Kasonia, aliyekaa kwenye matope. Midomo ilikuwa tayari. Unajua namna watu wanavyokaa wakisubiri kurudia jambo wanalolijua tayari? Ndivyo walivyokaa. Ilibaki aseme tu neno lile rahisi, watu wapokee, wale, mambo yaishe. Akafungua mdomo, na neno lile likaja mpaka kwenye meno.

"Alisema bado," akasema.

Hakuna aliyeelewa.

"Alisema bado. Mara mbili. Miye nilisikia. Watu ya pikipiki walinicheka, nikapita. Berthe aliona muzuri. Ni miye. Ku hospitali nilidanganya Kasonia, nikawadanganya bote, mwaka muzima." Akamgeukia Mama Élise. "Mama, hapana macho ya mutoto yako. Ni mimi."

Kasonia aliruka kutoka kwenye benchi. Wanaume wawili walimdaka, na bado aliwavuta. Mariette alishika kinywa. Mtu fulani nyuma alisema, "Yesu wangu."

"Kasonia, ikala," akasema Mama Élise.

"Mama, umesikia huyu anasema nini?"

"Nimesikia mbele yako. Ikala." Kasonia akakaa. Mama Élise akalikunja koti lile magotini mwake, mara moja, mara mbili, akalilaza sawa. Alichukua muda mrefu kwa koti moja. "Maliro. Rudilia. Ile neno tu."

"Bado," akasema Maliro.

"Bado," akasema Mama Élise, wa kwanza.

Na ukoo wote, wakubwa kwa watoto, mara moja, kwa mdomo mmoja: "Bado."

Maliro alilisikia likimpitia kifuani. Halafu kimya, kimya cha kweli, na wanawake wakainuka kwenda jikoni kwa sababu watu wana njaa hata siku kama hiyo.

Mama Élise akamwambia Mariette afungue lile gunia la mlangoni. Viazi vikachemshwa, vikaandaliwa na maharagwe. Watu walikula bila kumwangalia Maliro, naye alikaa peke yake juu ya tofali, mpaka sahani ikaja mbele yake, na aliyeileta ni Mama Élise mwenyewe.

"Mwaka muzima nilikutumia viazi juu ya kuomba musamaha," akasema. "Hivi hapana vya musamaha. Ni viazi tu. Kula."

Akala. Vilikuwa vya moto, vikamuunguza ulimi, na alivimaliza vyote. Kama alisamehewa, mzee hakusema, na yeye hakuthubutu kuuliza.

"Na kiti kinabakia hapa," akaongeza Mama Élise alipochukua sahani. "Ni ya mutoto yangu."

Kwa hiyo Maliro alilala chini ya gari, kwenye matope, na spana yake mwenyewe, akafungua bolti nne alizokuwa amezifunga mwenyewe, macho ya ukoo wote yakimtazama miguu. Kasonia akakibeba kiti begani akakiingiza nyumbani.

Aliondoka mawe yamekwisha kuyeyuka, jua la jioni liko njiani, njia nyeupe yote imerudi kuwa matope. Kushoto kwake palikuwa na shimo, mashimo manne ya bolti, na upepo. Kabla ya saa moja kupita akakuta lori la viazi linashuka polepole. Akashika nafasi nyuma yake, akangoja.

Hakuna aliyesema kitu.

Akangoja tena. "Berthe?" akaita, kwa sauti ndogo. "Sasa?" Upepo ukavuma kwenye shimo. Alijua. Neno lilikuwa limepokewa, na yeye ndiye aliyelitoa, mbele ya watu wote. Tangu siku injini ilipokubali aliiogopa sauti ile, na sasa angetoa gari, garaji, na kidole kingine aisikie mara moja tu.

Mbele njia ikanyooka. Dereva wa lori, mtu wa roho nzuri, akatoa mkono dirishani akampungia: pita, papa, hakuna mtu, pita. Akampungia mara ya pili na ya tatu, akashangaa, akaurudisha mkono ndani. Maliro hakuugusa usukani. Alilifuata lori lile mpaka Butembo.